Unga wa Norbert

Mama Useni alianguka Alhamisi, saa nne asubuhi, mbele ya ungo wake wa ndakala. Hakupiga kelele. Alikuwa ameinuka kutafuta chenji kwenye pindo la kitenge, magoti yakamkatika, akaketi chini kama mtu aliyechoka. Kisha akalala ubavu juu ya samaki wake, macho wazi, na jasho likimtiririka ingawa upepo wa ziwani ulikuwa wa baridi.

Adolphine alikuwa kwenye meza ya pili kutoka kwake. Alitaka kukimbia akamshike, lakini mwili wake ukakataa. Tangu Jumanne kichefuchefu hakikuwa kimemtoka, na kila alipoinuka haraka macho yalimfanyia giza. Akajishikilia ukingo wa meza, akaona wenzake wakimpita.

"Mushike kichwa! Mumwagie maji!"

"Asimwagiwe maji, ana baridi. Muguse mikono!"

Walimpakia kwenye pikipiki, kati ya dereva na kijana mmoja aliyemkumbatia asidondoke, wakaondoka naye kuelekea hospitalini. Ndipo kelele zikapungua, na katika ule ukimya Mama Chérie, muuza mawese, akamgeukia Adolphine. Hakumgeukia kwa ubaya. Aliuliza tu, kwa sauti ambayo meza zote ziliisikia.

"Mama Fanny, ile unga yake ya magoti, si ni we ulikuwa unamupatia?"

"Tulikuwa tunakunywa sote," Adolphine akajibu.

"Lakini yeye njo ameanguka."

Hakuna aliyetamka neno sumu. Pale mjini Baraka, mtu mzima akianguka bila homa, neno hilo huingia vichwani lenyewe. Mwanamke aliyekuwa akipanga bei na Adolphine akarudisha samaki mezani taratibu, akafuta vidole kwenye kitenge chake, akaenda kununua mahali pengine.

Adolphine akakunja biashara yake. Alipoinama kufunga ungo, kiganja cha kulia kikamchoma kwenye vifundo vyote vitano, maumivu yale yale ambayo hakuwa ameyasikia kwa miezi saba. Akasimama akiutazama mkono huo. Aliogopa kuliko alivyoogopa alipomwona jirani yake chini.

*

Kwa miaka sita ugonjwa ulikuwa umemfanya mtoto ndani ya nyumba yake mwenyewe. Vidole vilivimba, magoti yakavimba, na asubuhi binti yake Fanny alimfunga vifungo vya blauzi na kumshikia kikombe. Hospitalini walimwambia ni rimatizme ya kushambulia viungo, wakampa vidonge vya maumivu ambavyo viliishia kumchoma tumbo. Halafu mdogo wake Norbert akaja kutoka Uvira na sashe, vipakiti vidogo vya unga mweupe, kila moja imechorwa mpira mdogo unaong'aa kama jua, na juu yake neno NANO.

Norbert alimsomea karatasi yote. Humo ndani kulikuwa na chembe ndogo kuliko kijidudu, ndogo hata darubini ya hospitali haizioni. Zinaingia mpaka katikati ya kiungo kilichovimba na kufuta kutu inayoila nyama ya mtu kutoka ndani. Norbert alikuwa mtu wa kuamini, tangu utoto. Alisoma karatasi ile kama anavyosoma somo kanisani, na siku ya tatu baada ya sashe ya kwanza Adolphine aliamka akafunga vifungo vyake mwenyewe, kuanzia shingoni mpaka chini, akilia.

Nani angemwambia jirani anayeugua magoti kwamba asiinywe? Mama Useni aliomba mwenyewe, akapewa, akapona vile vile. Wakanenepa pamoja usoni mpaka wateja wakawaita mapacha. Watu wengine wakamtafuta Norbert wenyewe.

Jumapili iliyopita barabara ya Uvira ilifungwa tena, huko upande wa Mboko, kwa sababu ya risasi. Boti nazo zikakatazwa. Sashe zikaisha.

*

Mchana Norbert aliingia kwa mlango wa nyuma, kofia imeshushwa mpaka nyusi. Casimir, mume wa Adolphine, fundi wa kuchonga boti, alikuwa amerudi kazini kabla ya wakati. Habari ilikuwa imemfikia huko pwani. Mke wake alikuwa kwenye mkeka, ameegemea ukuta, beseni la kutapikia pembeni.

"Yaya, banasema nini kule sokoni?" Norbert akamuuliza dada yake.

"Unajua vile banasema."

"Haiko sumu! We mwenyewe umeikunywa miezi saba. Muntu anakunywa sumu miezi saba?"

"Basi ni nini?" Casimir akauliza.

"Shemeji, nilikusomea kartasi."

"Kartasi niliisikia. Nakuuliza we. Kule Uvira uliona vile banaitengeneza?"

Norbert akavua kofia, akaigeuza geuza mikononi. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kwa mara ya kwanza Adolphine aliona jinsi alivyofanana na baba yao alipokuwa karibu kufa.

"Niliona chumba," akasema. "Nyuma ya duka. Kulikuwa mashine ya kusagia, na ndoo."

"Ndoo ya nini?"

"Ya vidonge. Bidogo, byeupe. Ndoo mzima." Akaonyesha kimo chake kwa mkono. "Kuko mama mumoja alikuwa anabisaga pamoja na unga ya mahindi. Nikawaza labda ni dawa yao ingine."

"Haukuuliza."

"Sikuuliza, shemeji."

"Ju ya nini?"

Norbert akamtazama dada yake, si shemeji yake. "Ju yaya alikuwa amesha pona."

Casimir akainuka akaenda kusimama mlangoni, akiwapa mgongo wote wawili. Adolphine alitaka kumkasirikia mdogo wake, akatafuta hasira ndani yake, hakuipata. Alijua kwamba hata yeye, kama angekiona chumba kile, asingeuliza. Angeweza kuona mashine, ndoo na yule mama, akafunga mlango polepole, akaenda nyumbani kufunga vifungo vyake.

Wakasikia mbio uani. Fanny akaingia na sare ya shule, akihema. Alikuwa amepitia hospitalini.

"Mama, bamemuwekea serumu mbili kwenye mushipa, tension, ile presha ya damu, haipande. Bamepima malaria, haiko. Docta anauliza kila muntu, amekula nini, amekunywa nini. Hakuna mwenye anajua ile unga ni nini. Banasema tu ni sumu." Alimwona mjomba wake, akasita. "Useni anasema mama yake akikufa, atakuya hapa na bavijana wa beach."

Norbert alikuwa ameshavaa kofia. "Choma masashe yote, yaya. Makartasi pia. Nipe leo tu. Napita Fizi, nafika kwa Mama kule Kilembwe, kisha nakupigia."

"Na Mama Useni?"

"Docta atamutibu! Ye njo alisoma. We ukisema, bataniua. Unajua bataniua. Balimuchoma yule muzee wa Mukolwe ju ya maneno tu."

Alipiga magoti, akamshika dada yake miguu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Kisha akatoka alikoingilia. Wakaisikia pikipiki ikiwashwa nyuma ya nyumba, ikikwama, ikiwashwa tena.

*

"Tungoje kwanza," Casimir akasema.

"Tungoje nini?"

"Labda atapata nguvu. Labda ni kitu ingine kabisa. Ukienda pale na kusema mi nilimupatia, na saa ile ile akakata roho, nani atasikia maneno mengine?" Akaelekeza kidevu kwa Fanny. "Kuko na mutoto ndani ya hii nyumba, Mama Fanny."

Yote aliyosema yalikuwa kweli. Adolphine aliyapima, na kila alivyoyapima yalizidi kuwa kweli. Lakini sashe ya mwisho, tupu, aliyoilamba Jumapili kwa ncha ya ulimi, ilikuwa bado chini ya mto. Docta anauliza amekunywa nini. Mjini mote watu watatu tu ndio waliokuwa na jibu kamili, mmoja yuko juu ya pikipiki akielekea milimani, na wawili wako hapa wakitazamana.

Akatapika maji matupu kwenye beseni. Akajifuta. Akatia sashe kifuani.

"Nipe mukono niinuke," akamwambia mumewe.

Casimir alitazama mlango wa nyuma. Kisha akampa mkono, akachukua kikapu cha vitu vya mkewe kwa mkono mwingine, na wakatoka. Fanny aliambiwa afunge mlango na asimfungulie mtu, hata mtu wa kanisa.

Njia ya hospitali si ndefu, lakini Adolphine alipumzika mara nne. Watu walikuwa wameshasikia. Kwenye kibanda cha vocha mazungumzo yalikatika walipopita. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimwogesha mtoto nje alimfunika mtoto kwa kitenge mpaka kichwani.

*

Jamaa za Mama Useni walikuwa wameketi kwenye mikeka katika ua wa hospitali, karibu na jiko la wauguzaji. Dada yake, Asha, ndiye aliyemwona Adolphine kwanza. Hakuinuka wala hakutukana. Alichukua sahani akafunika sufuria ya wali, akavuta ndoo ya maji nyuma ya mgongo wake, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mufunike chakula."

Na wanawake wote wakafunika. Sahani moja baada ya nyingine, vifuniko vya thermos vikazungushwa. Adolphine alikuwa amekula kwenye sahani zile. Idi iliyopita alikuwa amezisafisha kwa mikono yake miwili, akijisifu mbele yao kwamba sasa mikono inafanya kazi.

Useni akatoka wodini. Alikuwa kijana mpana, mshika usukani wa boti za mizigo, na macho yake yalikuwa mekundu. Alimnyang'anya Casimir kikapu.

"Unamuletea nini tena?"

Akakimwaga chini. Kitambaa cha kichwa, kitana, kipande cha sabuni, chupi ya akiba ambayo Fanny alikuwa ameitia haraka bila kuambiwa. Vitu vya Adolphine vikalala kwenye vumbi mbele ya watu thelathini. Mtu akacheka. Vijana wawili walikuwa wameshasogea nyuma ya Casimir.

"Haiko humo," Adolphine akasema. Akatia mkono kifuani, akatoa sashe. "Iko hapa. Hii njo nilimupatia mama yako. Miezi tano. Nilimupatia na mapendo, lakini ni mi. Unipeleke kwa docta naye aione. Ukisha, unifanye vile unataka."

Useni aliitazama sashe, akamtazama yeye. Mkono ulimpanda. Casimir akafumba macho. Lakini mkono ule ulishuka ukamshika Adolphine kwapani, kwa nguvu ya kuumiza, ukamsukuma mpaka ndani.

*

Docta Merveille alikuwa mwanamke mdogo wa umri, mzaliwa wa Bukavu, mwenye miwani iliyofungwa plasta kwenye mkono mmoja. Hakupoteza muda kuuliza nani ana kosa. Alisoma sashe pande zote mbili, akamkalisha Adolphine kwenye kiti, akauliza maswali mafupi.

"Na wewe uliinywa?"

"Ndiyo, Docta. Miezi saba."

"Baada ya siku ngapi maumivu yakaisha?"

"Siku ya tatu."

"Na dawa yenyewe iliisha lini?"

"Jumapili. Yote mbili, yangu na yake."

Docta akamshika kidevu, akaugeuza uso wake kwenye mwanga wa dirisha. Akapandisha mkono wa blauzi, akaona madoa ya zambarau kwenye ngozi iliyolegea. "Uso ulinenepa, mikono na miguu ikabaki vile vile?"

"Bantu balisema ni afya."

"Na yeye hivyo hivyo?"

"Balituita mapacha."

Docta aligeuka kabla neno halijaisha. "Hydrocortisone! Mia moja kwenye mshipa, sasa hivi. Na serumu ya sukari. Kimbia!" Muuguzi akakimbia. Ndipo akamweleza Useni, aliyekuwa ameziba mlango kwa mabega yake. "Ndani ya hii sashe karibu hakika kuna cortisone, vidonge vya cortisone vilivyosagwa. Ni dawa ya kweli, yenye nguvu. Lakini mwili wa mtu hutengeneza ya kwake, kidogo kila siku, ndiyo inayotusimamisha. Ukimpa mtu nyingi kutoka nje, miezi na miezi, mwili unaacha kutengeneza. Halafu unga ukikatika ghafla, mtu anabaki hana ya nje, hana ya ndani."

"Kwa hiyo haiko sumu?"

"Mama yako hafi kwa sababu ya kitu kilichomo ndani yake. Anakufa kwa sababu ya kitu kilichoisha."

"Na sasa munamurudishia ile ile?"

"Ile ile, ndiyo. Kwa kipimo. Nisingejua, ningeendelea na serumu mpaka jioni, na jioni tusingekuwa naye." Alisema hivyo bila kumtazama Adolphine, lakini Useni alimtazama.

Wakampiga Adolphine sindano na yeye, wakamlaza kitanda cha jirani, kwa sababu hapakuwa na kingine. Akalala ubavu, akautazama uso wa rafiki yake, wa kijivu, umevimba kama wake. Dakika zikapita. Muuguzi akafunga kile kitambaa cha kupimia presha, akakifungua, akakifunga tena. Nje walianza kusali, na Adolphine aliposikia sauti zikipanda, alijiinua kwa kiwiko. Alidhani wanaanza kulia msiba.

"Docta," akasema, ili tu asisikilize. "Na ile nano? Zile chembe? Ni uongo yote?"

Docta Merveille alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, vidole kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa wake. "Si uongo yote. Chembe hizo ziko. Kuna wataalamu huko mbali wanaozitengeneza, wanazidunga kwenye viungo vya panya waliovimba kama wewe, na wanaandika kwamba uvimbe unapungua. Nimesoma. Labda siku moja zitafika kwa watu. Lakini hazijafika, mama. Na siku zitakapofika, hazitauzwa ndani ya sashe nyuma ya duka."

"Panya banapona?"

"Wanasema wanapata nafuu."

Adolphine akatafakari. "Basi bale panya bako na bahati," akasema, na machozi yakamtoka bila kuombwa.

Saa kumi na moja kasoro, tension ya Mama Useni ikapanda mpaka tisa. Baadaye kidogo akafumbua macho, akazungusha kichwa, akamwona Adolphine. "Ndakala zangu," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "nani anaziangalia?"

Useni akatoka nje. Walimsikia akilia ukutani, kwa sauti, kama mtoto aliyepigwa.

*

Aliporudi, Docta alikuwa akimuuliza Adolphine swali ambalo Adolphine alikuwa akiliogopa tangu asubuhi.

"Nani anauza? Siulizi ili afungwe. Kila nyumba iliyokuwa na unga huu, leo ni siku ya nne bila unga. Nahitaji majina."

Useni alikuwa amesimama pale pale, mkono mmoja kwenye chuma cha kitanda. Adolphine aliona kwamba hakuna jinsi ya kumjibu Docta bila kumjibu yeye.

"Ni mudogo wangu," akasema. "Norbert. Hakujua. Aliona kitu, hakuuliza, lakini hakujua."

Taya la Useni likacheza. Casimir, kwenye kona, akasogea karibu na kitanda cha mkewe.

"Umupigie," Useni akasema.

Simu ililia mara tatu bila kupokewa. Mara ya nne Norbert akajibu, upepo ukivuma nyuma yake. Alikuwa Fizi, juu, anangoja dereva apate mafuta.

"Amekufa?" Hilo ndilo neno lake la kwanza.

"Ameamuka. Norbert, unisikilize. Sikukuitia urudi. Unipe majina. Wote wenye uliwapatia unga. Wote."

"Yaya, nani iko hapo?"

Adolphine akafunga macho. "Useni iko hapa. Na Docta. Bantu batakufa, Norbert. Mi mwenyewe nimelazwa. Unipe majina."

Wakamsikia akitembea mbali na watu. Kisha akaanza, polepole, kama mtoto anayekariri. Adolphine alijaribu kushika kalamu, vidole vikakataa kukunjika, kalamu ikaanguka. Aliinama kuitafuta, lakini Useni alikuwa ameshaiokota. Akaketi kwenye sakafu, karatasi juu ya goti, akaandika. Mama Néhémie, karibu na mashine ya kusaga. Muzee Alphonse, mwenye kutengeneza baiskeli. Bibi mmoja wa Lweba na mtoto wake. Mwalimu. Mke wa pasta. Kila jina Useni alilirudia kwa sauti, kuhakikisha, na Norbert alijibu, "Ndiyo, huyo." Wawili wale waliongea hivyo kwa robo saa bila neno lingine lolote kati yao.

Yalifika majina kumi na nane. "Ni hayo?" Docta akauliza.

Upepo ukavuma kwenye simu.

"Norbert?" Adolphine akaita.

"Kuko ingine moja." Sauti ilikuwa imebadilika. "Mama."

"Mama gani?"

"Mama yetu, yaya. Tangu Pasaka. Ju ya mugongo yake. Alinikataza nikwambie, alisema utamugombeza juu ya kazi ya shamba."

Adolphine akaishusha simu. Docta akaichukua. Alimuuliza Norbert mama ana umri gani, alimpelekea sashe ngapi mara ya mwisho. Akahesabu vidoleni na uso ukamkunjana. Kilembwe hakuna dawa hiyo, akamwambia, lakini hospitali ya Fizi inayo, na yeye ataongea na daktari wa huko. Ni vidonge vidogo, vinaingia mfukoni. Lakini watataka kujua ni vya nini, na ni yeye atakayewaambia, kwa mdomo wake, kila kitu.

"Batanifunga," Norbert akasema.

"Inawezekana," Docta akajibu. "Nenda sasa, kabla hawajabadilisha zamu."

*

Jioni hiyo hiyo, kabla jua halijazama, Useni alitoka na karatasi na muuguzi mmoja, kwa pikipiki mbili. Siku mbili walizunguka nyumba hadi nyumba. Mke wa pasta walimkuta akitapika. Mwalimu aliwafukuza, akisema hataki dawa za watu wanaotafuta jina. Walirudi mara tatu ndipo akakubali. Mzee Alphonse alikuwa amezikwa Jumatano, na jamaa walikuwa wamekubaliana kwamba ni uzee. Useni alisimama kwenye matanga yake, kofia mkononi, akashindwa kuwaambia, na baadaye alimkiria Adolphine kwamba ameshindwa. Wa Lweba walipatikana wote wawili. Mmoja aliyevuka kwenda upande wa Mboko kabla ya risasi hakupatikana, na mpaka leo hajulikani aliko.

Vijana wa beach hawakuja nyumbani kwa Adolphine. Asha alituma wali, umefunikwa kwa sahani, bila salamu yoyote. Casimir aliula peke yake. Adolphine, aliyeruhusiwa kurudi nyumbani Ijumaa na vidonge vyake, alisukuma sahani.

Kwa sababu kutoka kwa Norbert hakukuwa na habari. Docta alipiga huko Ijumaa, akaambiwa ndiyo, kijana alikuja, alisema yote, walimwandika, wakamnyang'anya kadi ya mpiga kura ili arudi kujibu, wakampa vidonge, akaondoka. Baada ya Fizi, njia ya Kilembwe ni ya matope na vizuizi, na kwenye kila kizuizi mtu asiye na kadi ni mtu asiye na jina. Adolphine alihesabu siku. Ijumaa ya tano. Jumamosi ya sita. Mama yao alikuwa na miaka sabini na mbili. Kila simu ilipolia, Fanny alimtazama mama yake kwanza, kisha ndipo akaipokea.

Iliita Jumamosi adhuhuri, namba ngeni. Mtandao ulikatika mara mbili. Mara ya tatu ikaja sauti ya mama yao, nyembamba, yenye hasira.

"Adolphine? Bamenibeba na kipoyi mpaka juu ya kilima niongee na we. Siwezi kusimama. Huyu ndugu yako amefika na matope mpaka kichwani, analia tu, ananiambia nimeze vidonge."

"Mama, uvimeze."

"Ile ya kwanza alisema vile vile. Nimeze." Alihema. "Naye alikuwa anacheka wakati ule. Sasa analia. Mi nitajua namna gani hii haiko ya kuniua?"

Adolphine aliketi kitandani. Angeweza kumwelezea yote, cortisone na mwili unaoacha kutengeneza, na mtandao ungekatika kabla hajafika katikati. Angeweza kusema Docta amesema, lakini karatasi ya Norbert nayo ilisema.

"We unavikunywa?" mama yake akauliza.

"Nakunywa, Mama. Kila asubuhi. Kila juma Docta atapunguza."

"Na mikono? Inafunguka kama siku ile?"

Fanny alikuwa amesimama mlangoni na blauzi ya mama yake mkononi, akingoja kumvalisha. Adolphine alitazama vifundo vyake vilivyovimba, vyekundu, vinavyopiga kama moyo.

"Hapana, Mama," akasema. "Inauma. Kila siku inazidi. Docta amesema itauma sana, na hajue kama atapata dawa ingine. Hajaniahidi kitu."

Upepo wa kilima, na mtu akikohoa, labda Norbert.

"Basi," mama yake akasema. "Hiyo naweza kuiamini." Akaongea mbali na simu. "Norbert! Acha kulia, lete maji."

Adolphine akaibana simu sikioni kwa viganja viwili, maana vidole havikuweza kuishika, akasikiliza mpaka akamsikia mama yake akimeza.